Fundi Aliyengoja Diski Ikaguliwe

Jumanne, 16 Januari 2001. Mawingu mazito, radi upande wa Mtinko. Fundi wa kompyuta aliitwa tena kwenye kiwanda cha alizeti mjini Singida, maana kila asubuhi mashine ilichelewa kuwaka, ikikagua diski yake kwanza. Alivuta kiti karibu na Loyce, karani, akaweka mikono magotini na kuutazama mstari wa bluu ukijaa polepole kwenye kioo. Hapo ndipo alipoongea: habari za mvua, bei ya sukari, chumba alichopanga, ambamo hulala akiiacha redio ikisema. Chai aliinywa kidogo kidogo mpaka ikapoa.

“Fundi, mashine hii inakupenda wewe tu,” Loyce alimtania. Mara radi ikapiga karibu, Loyce akachomoa waya wa mashine ukutani, kama alivyozoea kila jioni, na kama watu wote wafanyavyo na redio zao. Fundi akaweka kikombe chini. “Dada Loyce, ukichomoa kabla ya kuizima, ikiwashwa lazima ijikague. Ndio ugonjwa wake.”

“Kumbe ulijua?”

Fundi alitazama vidole vyake. “Nilijua.” Radi ilipopita, akamwonyesha namna ya kuizima.

Kesho yake mashine iliwaka upesi. Fundi alikuja bila kuitwa, akasimama mlangoni, akaomba maji ya kunywa.