Hadithi za Mchana Juu ya Dungu

Enzi zetu, bonde la mpunga lilikuwa na kelele kuliko stendi ya Kibiti siku ya kuamkia Idi. Mpunga ulipoanza kuiva kule Chumbi, familia nzima zilihamia mashambani, na sisi watoto tukapandishwa juu ya madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu, tuamie ndege wasimalize mavuno. Dungu langu lilitazamana na la Somoe. Ndiye huyu huyu Somoe mnayemwona kwenye televisheni akihojiwa juu ya riwaya zake, nami nasema bila haya: kabla hajajulikana na yeyote, alikuwa jirani yangu wa dungu.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Kopo la mawe, teo, yaani kombeo, mkononi, jua la utosini, na kwelea wanashuka utadhani wamealikwa. Asubuhi tulipewa kiporo cha wali na kipande cha kambale. Tukibahatika kulikuwa na pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa, na harufu yake naisikia hadi leo nikiwa dukani kwangu nauza kanga. Lakini adui mkubwa hakuwa ndege, alikuwa usingizi.

Dawa ya usingizi alikuwa nayo Somoe: hadithi. Tatizo ni kwamba kwetu hadithi ni za usiku. Kila mzazi alituonya, "Anayesimulia hadithi mchana ataota mkia." Somoe alikuwa anajipapasa nyuma, akiona hakuna kitu, anaendelea. Za bibi yake zilipokwisha akaanza kutunga zake. Ndipo akatuletea kiboko aliyekwenda kuposa.

Hapo ndipo tulipoharibu. Kiboko amefika kwa wakwe, anapiga hodi, na upepo nao unaipeleka sauti ya Somoe kwingine. Tukashuka, mmoja baada ya mwingine, tukajazana chini ya dungu lake. Tulipozinduka, kwelea walikuwa wamefagia kona nzima ya shamba la baba yake.

Baba Somoe hakumpiga. Alimwambia tu, "Tangu leo, mdomo wako wa kufukuzia ndege. Hadithi nisizisikie tena, hapa wala nyumbani." Bora angemchapa.

Somoe akanyamaza. Sijapata kumwona mtoto akinyong'onyea vile, hata chakula kikawa hakimshuki. Niliogopa kwamba zile hadithi zitamfia moyoni, nasi hatutajua kamwe kama kiboko alipata mke. Bonde zima likapooza. Tukawa tunasinzia kama kuku wagonjwa, na ndege wakala kuliko hata siku ile. Baba Somoe alizunguka dungu hadi dungu akituamsha, mpaka akachoka. Ndipo mchana mmoja tukasikia sauti yake kutoka dungu la mwisho, alikopanda mwenyewe:

"Weye Somoe! Hivi yule kiboko walimpa mke, au walimnyima?"

Somoe, sauti imejaa kilio: "Nikisema, baba, watashuka!"

"Asishuke mtu! Weye paza sauti, wasikie hukohuko waliko!"

Basi akapaza. Sentensi moja moja, fupi, maana iliyo ndefu ilipotelea upeponi. Sisi tuliipokea tukairusha dungu la pili, la pili likairusha la tatu. Kundi la ndege likitokea, alikata hadithi pale panaponoga, tukapiga makopo wote, kisha akauliza, "Haya, nilifika wapi?" Msimu ule tulivuna, alhamdulillahi.

Somoe akasoma, akawa mwalimu Dar es Salaam, akarudishiwa miswada mpaka wengine wakamshauri aache. Hakuacha. Leo riwaya zake zinasomwa hadi Meksiko. Wahakiki wanasifu sentensi zake fupi na namna anavyokata sura pale panaponoga, wanasema kajifunza ughaibuni. Mie hucheka peke yangu nyuma ya kaunta.

Wanangu wana simu zenye hadithi za dunia nzima, na kila mmoja kaziba masikio asikilize yake. Ukimwita aje kula, utaita mpaka wali upoe. Sisi hadithi moja ilitosha bonde zima. Wana vingi, Mungu awazidishie, lakini hicho hawana, na mie nakikumbuka kwa uchungu.

Juzi Somoe alikuja Kibiti kusoma riwaya yake mpya shuleni, mchana kweupe, ukumbi umefurika. Akaanza taratibu, kwa sauti ile ya mjini. Mara kule nyuma kabisa akasimama mzee na mkongojo wake.

"Somoe! Paza sauti, mwanangu! Dungu la mwisho hatusikii!"

Wanafunzi wakacheka wasijue wanachocheka. Somoe akajifuta machozi, akaweka kipaza sauti mezani, akakinga viganja mdomoni, akaanza upya. Nami, mtu mzima na ushungi wangu, nikajikuta nimegeuka, naipokea sentensi yake, namrushia aliye nyuma yangu.