Ugali wa Kastanje

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imetoka kabla sijafika Stockholm, na hii ya pili alitembea nayo kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa maji. Karibu kila alichokula kilirudi. Alichotamani kilikuwa kimoja, ugali wa muhogo, na mwaka ule hapa Rinkeby, pembezoni mwa jiji, hukupata hata kipande cha muhogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuja kumsaidia kazi za nyumbani, na Kiswidi nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi na vitabu vya maktaba. Lazima niseme nilivyokuwa. Vikombe nilivipanga vishikio vikielekea upande mmoja. Nikikosea neno dukani, lilinisumbua wiki nzima. Kukosea mbele ya watu kwangu kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo.

Katika kitabu kimoja cha mapishi nilisoma kwamba kusini mwa Ulaya watu husaga kastanje, kokwa za mti fulani, wakapata unga. Ganda la kahawia linalong'aa, kilieleza, na ndani wanga mtupu. Vitu vya namna hiyo nilikuwa nimeviona vimetapakaa chini ya miti katika bustani moja mjini. Nilikwenda, nikamwuliza mzee aliyekaa kwenye benchi mti ule unaitwaje.

"Kastanj," akasema.

Sikuuliza zaidi. Nyumbani nilimtangazia dada kwamba Jumapili ijayo atakula ugali.

Nilifuata kitabu neno kwa neno. Niliokota zilizoanguka siku ile tu. Nilizimwaga kwenye ndoo ya maji, na zilizoelea nikazitupa, kwa kuwa zimeliwa na wadudu. Zilizobaki nilizifuta moja moja, nikazilaza kwenye sanduku la mchanga barazani, zisigusane. Nilizipanga hata kwa ukubwa, jambo ambalo kitabu hakikuagiza.

Shemeji yangu, dereva wa basi, alisimama mlangoni na sare yake.

"Shemeji, hizo tutakula au unatutungia rozari?"

"Mwache mtoto," dada akamjibu kutoka kitandani. "Mikono yake haikosei."

Siku ya pili nilifungua tena kitabu, nikaitazama picha vizuri. Kastanje ya kitabuni ilikuwa bapa upande mmoja, na kileleni ilikuwa na ncha yenye vinyweleo. Ganda lake la nje lilijaa miiba kama nungunungu. Zangu zilikuwa za mviringo kama kokoto za ufukweni, hazina ncha, na maganda yake ya nje yalikuwa na miiba ya kuhesabika. Niliona. Nikajiambia kwamba za kaskazini hubadilika kwa sababu ya baridi, nikafunga kitabu. Nilikuwa nimeshatangaza.

Nilichemsha tatu nikaonja. Uchungu wake ulinikaza taya. Mswidi angetema akatupa zote. Lakini sisi ni watu wa Ukerewe, tumekulia kwenye muhogo mchungu. Kwetu uchungu si sababu ya kutupa chakula. Unamenya, unaloweka, unaanika, unatwanga, na wageni wanakula wakasifu. Basi nikazimenya karibu zote, nikaacha chache mezani, nikazikata vipande vyembamba, nikaziloweka siku tatu, nikibadilisha maji asubuhi na jioni. Maji yalitoa povu kama la sabuni. Lile povu lilinifurahisha. Niliamini ni sumu inayotoka. Nikakausha vipande kwenye jiko la oveni kwa moto mdogo, nikavisaga kwa kinu cha kahawa, nikachekecha mara mbili.

Jumapili mchana shemeji akiwa kazini, nilisonga. Ugali ulikuwa wa rangi ya majivu, ukavutika vizuri. Dada alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akafumba macho.

"Una uchungu kidogo."

"Kama wa mama," nikamwahi.

Akacheka. "Kweli. Mama naye hakuwa na subira ya kuloweka."

Mimi nilikula matonge mawili, nikamwachia yeye mengine, kwa sababu ya mtoto. Alimaliza sahani. Tangu nifike sikuwa nimemwona akimaliza sahani.

Kabla jua halijazama alikuwa sakafuni bafuni, anatapika, tumbo limemkaza, jasho linamtoka. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Yugoslavia, alisikia kelele akaja. Aliita gari la wagonjwa. Kisha akaziona kastanje zilizobaki mezani, akaokota moja.

"Hästkastanj," akasema. Akadhani sielewi, akagonga ulimi mdomoni kama kwato za farasi, kop, kop, kop.

Nilielewa. Kuna kastanje ya watu na kuna kastanje ya farasi, ambayo ni sumu, na haihusiani na ile nyingine ila kwa jina. Mzee wa bustanini hakunidanganya. Nilimwuliza jina la mti. Sikumwuliza kama unaliwa.

Mtoto alikaa tumboni. Nasema mapema, msomaji asikae roho juu: alizaliwa Februari, mdogo lakini mzima. Ila siku zile hospitalini hakuna aliyetuahidi hivyo. Manesi walikuwa wakisikiliza tumbo la dada kila baada ya muda, na kila mara nilisoma nyuso zao.

Siku ya pili dada aliweza kusema.

"Usijilaumu, mdogo wangu. Ungejuaje?"

Ningeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa amenisamehe tayari, hata shemeji.

"Picha haikufanana," nikasema. "Niliona."

Aligeuza kichwa, akanitazama.

"Uliona lini?"

"Siku ya pili."

"Kabla ya kuloweka."

"Kabla."

Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Shemeji yako asilisikie hili. Atakufukuza, na mimi sina nguvu ya kuwaamua."

"Nisamehe, dada."

Midomo yake ilikuwa imekauka, ikapasuka. Nikamimina maji kwenye glasi, nikamsogezea. Aliitazama glasi, akautazama mkono wangu.

"Weka hapo," akasema.

Nikaiweka. Akabonyeza kengele, na nesi alipokuja, akamwomba kwa Kiswidi, kwa upole, amletee maji ya kunywa.