Meno ya Shujaa

Harufu ya gunia lililobeba majani mabichi ya chai hunirudisha kwenye foleni ya mizani ya kupimia chai, sisi watoto tukiwa tumeinamia kitabu kimoja cha katuni. Shujaa wetu alikuwa amepewa mwandishi mpya na mchoraji mpya, na huyo mchoraji alimchora akicheka, hana meno ya mbele ya chini.

"Wamemharibu!" nikasema kwa hasira.

"Wamemtengeneza," rafiki yangu akajibu. "Ametolewa meno kimila kama babu yangu. Huyu ni Mkipsigis."

"Hata babu yangu alitolewa," nikasema. "Huyu ni Mjaluo, ni wetu."

Wenzetu wakarudi nyuma. Siku hizo watu wazima walikuwa wakinong'ona maneno hayo hayo: wetu, wenu. Tukavutana, na ukurasa ukapasuka katikati ya mdomo wa shujaa. Kila mmoja akaenda nyumbani na nusu ya uso.

Lori lilipokuja kutuhamisha sisi Wajaluo na vitanda vyetu, rafiki yangu alitokea kwenye shamba la chai akikimbia. Akanirushia nusu yake ya ukurasa.

"Enda na yeye," akasema bila kuniangalia. "Ni wenu."