Wino kabla ya noti

Juzi Gilgil, kwenye kibanda cha kutoa pesa, msimamizi wa shamba la viazi alikuwa amemshikia mama mmoja karatasi. Ilikuwa ya kukiri kwamba amepokea mshahara wa miezi mitatu.

"Weka kidole hapa kwamba nimekulipa, mathe. Si simu imelia, meseji ya pesa imeingia?"

Kidole kilishapakwa wino, lakini mama alikiinua juu, akampa mwenye kibanda simu. "Nitolee yote, nilipe deni la duka."

"Mama, hapa hakuna kitu. Hii meseji ni feki."

"Ni netiweki," msimamizi akasema.

Mama akapangusa kidole kwenye shati jeupe la msimamizi. "Haya, nimetia sahihi. Kaa nayo mpaka netiweki irudi."

Wewe unayedai mshahara, ukiletewa wino kabla ya noti, angalia kama aliyeuleta amevaa shati jeupe.