Diwani Rebeka na Nyumba ya Cucu Nyambura

Barua ya Rebeka ndiyo iliyonitoa Maragoli. Huyu ni binti wa shangazi yangu, aliyemfuata mume kazini Ruiru akaishia kuwa diwani, mwanamke pekee kati ya wanaume watupu. Aliandika: "Njoo. Alhamisi nikishindwa kura barazani, wazee watafukuzwa kwenye nyumba za baraza." Mimi huyo, kikapu cha ndizi kichwani, mbio hadi kwa gari la moshi!

Ruiru, Jumatano. Rebeka alinipokea stesheni akicheka na kulia pamoja, akanipeleka kwa jirani yake, Cucu Nyambura; cucu ndiye bibi kwa Kikuyu. Cucu alikuwa amelifagilia baraza soko miaka na miaka. Sasa mgongo umekataa, na baraza lilitaka kila asiyefanya kazi ahame.

"Niende wapi?" Cucu aliniuliza. "Shamba sina, mtoto sina. Nina huyu Mluhya wenu tu," akamshika Rebeka mkono.

Alhamisi asubuhi tulipanda basi kwenda Thika, baraza linakokutana. Cucu alikuwa bado anatafuta kitambaa chake kizuri, akasema atafuata na lori la kahawa.

Barazani niliketi nyuma na watazamaji. Rebeka alisema hadi jasho likamtoka, wanaume wakipiga miayo.

"Wewe ni mgeni," mmoja akamwambia. "Wazee wetu tunawajua sisi."

"Kama mnawajua, mbona mnawafukuza?" Loo, nusura nipige kigelegele!

Mwenyekiti akasema, "Wanaomuunga mkono wasimame." Rebeka akasimama peke yake. Nilitamani kulia.

Papo hapo mlango ukafunguka, Cucu akaingia na bakora yake. Na huko, aliyelelewa vizuri haketi mzee akiwa amesimama. Madiwani wote wakainuka, kila mmoja akimsogezea kiti.

"Wote wamesimama," karani akasema huku akiandika.

"Ai! Tunamsalimu Cucu tu!" mwenyekiti akalia, naye mwenyewe kasimama. "Wanaokataa waketi!"

Cucu hakukaribia kiti hata kimoja. Aliwatazama mmoja mmoja. "Ketini basi, wanangu, nimwone anayenifukuza."

Hakuna aliyeketi. Mwenyekiti alifuta jasho, akatangaza kwamba ombi la Rebeka limepita, wazee wabaki.

Tulirudi Ruiru tukicheka mpaka dereva akatuomba tunyamaze. Cucu alifungua mlango wake, akauliza nani anataka chai.

Nilijifunza hivi, ndugu zangu wa nyumbani: wazee wakiwa kwenye karatasi, kuwafukuza ni rahisi. Jaribu kumfukuza mmoja akikutazama.