Saa Mbili ya Mama Sechelela

Katika kazi ya kompyuta hakuna kinachoweza kunishangaza, na nasema hivyo mimi niliyeishia darasa la saba, kwetu Mlali. Siku yangu ya kwanza, katika ofisi moja hapa Dodoma, Ofisa Tawala alinikabidhi ngazi na bunda la nyaya, akanikataza kugusa kompyuta. Miaka michache baadaye hakuna aliyegusa kompyuta bila kuniita.

Wakati huo kila mashine ilikuwa na nywila zake. Wahasibu walitumia Windows, masjala Linux, na wachora ramani Mac. Aliyesahau nywila alipaza sauti koridoni, nami nikaenda. Kwa mmoja nilikunywa chai, kwa mwingine nilipewa habari za watoto. Nyumbani Nzuguni nilikuwa peke yangu tangu mke wangu afariki, lakini ofisini jina langu halikupumzika.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya. Akataka mtumishi aketi kwenye kompyuta yoyote, aingie kwa jina moja na nywila moja.

"Ukiweza hilo," akaniambia, "usumbufu utakwisha."

Nikamjibu kwamba kwangu hilo ni dogo. Na lilikuwa dogo. Nilisimika seva moja ya kuwatambua watu wote: ukiandika jina lako, mashine inaiuliza seva, seva inasema huyu ni wetu. Windows zikakubali, Mac zikakubali. Ikagoma moja tu, ya Mama Sechelela wa masjala. Nikabadilisha waya, nikafuta Linux, nikaiweka upya, naye Mama akairudisha saa ya kompyuta kama alivyoizoea. Ikagoma tena.

Seva za namna hii haziamini mashine ambayo saa yake imepishana na ya seva. Nalijua hilo kuliko waliosomea. Saa ya kompyuta ya Mama nilikuwa nimeitazama mara nyingi: 2:15, na kweli ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Mpaka nilipoiangalia seva, ikaniambia 8:15.

"Mama, kompyuta yako inasema saa mbili."

"Na wewe unasema saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa shida iko wapi, baba?"

"Inatakiwa iandike nane."

"Saa nane tunakula. Mimi ndiyo kwanza nimekunywa chai."

Tulicheka mpaka Ofisa Tawala akaja kuchungulia. Nikaifungamanisha saa yake na ya seva, nikambandikia karatasi pembeni ya kioo: TOA SITA. Akaingia kwa mara ya kwanza.

Usumbufu ukaisha kama Mkurugenzi alivyotaka. Koridoni kukawa kimya. Niliketi na seva yangu, haigomi, haiulizi, mpaka nilipostaafu kwa hiari.

Mwezi uliopita simu yangu iliita. Mama Sechelela: amesahau nywila. Nikapiga pasi shati, nikachukua bodaboda. Nilipofika alikuwa ameshaingia, mafaili yamemzunguka.

"Shikamoo, Mama. Imekubali?"

"Marahaba, baba. Kuna mtu kanibadilishia kwa simu, hata sijui amekaa wapi. Pole kwa safari."

Hiyo ndiyo seva niliyoisimika mimi, mtu akiwa popote anabadilisha nywila ya mwenzake, na mpaka leo sijaona aliyesimika vizuri zaidi. Karatasi yangu ilikuwa bado pale, imepauka. Nikasubiri kidogo labda kuna mwingine aliyekwama. Hakuna aliyeita.

Nauli, kwenda na kurudi: shilingi elfu sita.