Mshahara wa Gari

Dereva huyu wenzake walimbatiza Nyota Tano, kwa kuwa kila abiria aliyemwita kwa simu alimpa alama zote. Kubeba watu alikujua. Ila mtu aliyetamani kumbeba alikuwa mbali: bintiye, aliyelelewa na bibi tangu mama yake afariki. Miaka minne, jamani! Alimkumbuka mtoto yule mpaka kifua kikamuuma. Kila akishusha mwanafunzi kwenye lango la shule, alichelewa kuondoa gari.

Alichohitaji ili amlete ni chumba cha pili tu, na haki ya nani, mara tatu alikaribia. Kosa lake ni lile la madereva wote wa simu: jioni anatazama kioo cha simu, anaona jumla imenona, anaiita yake. Kumbe gari nalo lina mdomo! Mara breki, mara tairi, akiba ya chumba yote inaishia kwa fundi. Kisha anampigia mtoto: "Mwezi ujao, mama." Mtoto anajibu, "Sawa, baba," bila hata kulia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Aliyemzindua ni dereva mwenzake, mama mwenye maneno makali, walipokutana kwenye foleni ya kuosha magari.

"Wewe kaka, una mke usiyemlisha."

"Mimi?"

"Gari lako! Kila safari likatie chake kwanza, ndipo uhesabu chako. Hata wiki mbaya. Tena hasa wiki mbaya!"

Nyota Tano akacheka kwa uchungu, lakini akafungua akiba ya pembeni kwenye simu, akaiita "Mshahara wa gari". Mwanzoni roho ilimuuma, maana kilichobaki kilikuwa kiduchu. Basi hicho kiduchu ndicho kilichokuwa chake siku zote. Mwezi wa saba klachi ikafa. Gari likajilipia lenyewe, na pesa ya chumba haikuguswa. Machozi yalimtoka palepale gereji, fundi akadhani ni bei, akampunguzia.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa bibi kumchukua binti. Mtoto akatoka na mkoba wake, amerefuka, mgeni kidogo. Akamwamkia baba, akafungua mlango wa nyuma, akaketi.

"Njoo mbele, mama."

"Bibi kasema nisikusumbue, baba. Mbele wakae abiria wako."

Simu ikalia: kuna mtu anataka gari. Nyota Tano akaizima, akashuka, akamfungulia mwanawe mlango wa mbele.